Sura ya Nne: Msitu Unaofuata Tope

Mwaka 1975 kisiwa kidogo cha Maziwe, kilichoko baharini mbele ya Pangani, kilitangazwa kuwa hifadhi. Sababu ilikuwa njema. Kilikuwa na mivinje, na kasa walipanda mchangani kwake kutaga mayai kwa wingi uliokifanya kiwe miongoni mwa sehemu muhimu kabisa za kutagia katika mwambao wa Tanzania. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imeanguka yote, na kisiwa kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa. Kasa hawajaacha kufika. Wahifadhi huyafukua mayai yao na kuyahamishia bara kabla bahari haijayafikia. Waliochunguza habari hiyo wametaja kukatwa kwa miti iliyoushika mchanga, kugeuka kwa mikondo na kupanda kwa usawa wa bahari, na huenda yote matatu yalisaidiana. Lakini kuna jambo jingine linalostahili kutazamwa. Sheria ilizungushia mpaka mahali fulani, ikaamini kwamba mahali pale patatulia. Mpaka ungalipo kwenye makaratasi. Kilichoondoka ni ardhi iliyokuwa ndani yake.

Hoja ya sura hii ni kwamba katika mwambao wa Afrika Mashariki fukwe, delta na misitu yake havikuumbwa mara moja vikakaa, vikawa vinabadilika pale tu binadamu anapoviharibu. Vimetokana na mwendo usiokoma: bahari inayopanda na kushuka, mito inayohama, mchanga unaosukumwa na kusi huku na kurudishwa na kaskazi kule. Msitu hukaa pale mwendo huo unapoupa nafasi, na huhama nafasi hiyo inapohama. Kwa hiyo anayetaka msitu wa pwani udumu hana budi kulinda vitu ambavyo ni nadra kuvikuta katika orodha ya hifadhi: mafuriko ya mito, shehena ya tope, na ardhi iliyo tupu leo nyuma ya msitu, ambako msitu utahitaji kurudi kesho. Hoja hii inaweza kutumiwa vibaya, na nitalijibu hilo mbele. Kwanza ushahidi.

Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa za kaskazini mwa dunia, maji mengi yalikuwa yamefungwa nchi kavu, na bahari ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa takriban mita 120. Maji yanayoitenga Unguja na bara yana kina cha makumi machache tu ya mita, hivyo wakati ule hapakuwa na kisiwa. Palikuwa na uwanda ambao mtu angeutembea kutoka upande wa Bagamoyo hadi Jambiani bila kulowa ila mitoni. Katika pango la Kuumbi, kusini-mashariki mwa Unguja, wanaakiolojia wamefukua mifupa ya wanyama wa mbuga za bara, pundamilia wakiwamo. Chui wa Unguja na kima punju wa Jozani ni wa ukoo wa wanyama wa bara, na bahari iliporudi iliwakuta ng'ambo hii. Pemba ni habari nyingine. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo hata bahari iliposhuka vile kisiwa kilibaki kisiwa, na viumbe wake wamepata muda mrefu sana wa kwenda njia yao wenyewe. Ndiyo maana Pemba, ndogo kuliko Unguja, ina popo mkubwa, bundi mdogo, njiwa wa kijani na chozi wasiopatikana popote pengine duniani. Hali ya hewa ya visiwa hivyo viwili ni moja, na mvua zao zinafanana. Kinachoitenga misitu yao ni kina cha maji.

Ukirudi nyuma zaidi, hadi miaka 125,000 hivi iliyopita, unaikuta bahari imesimama mita kadhaa juu ya ilipo sasa. Matumbawe yaliyokua wakati ule yalibaki nchi kavu bahari ilipoondoka, na leo ndiyo magenge ya Mombasa, Kilifi na Watamu. Ndiyo mwamba uliojengewa Ngome ya Yesu kati ya 1593 na 1596, na mawe ya matumbawe ndiyo yaliyojenga kuta za Gede na nyumba za Mji Mkongwe. Nyuma ya mwamba huo, kati ya Kilifi na Malindi, upo Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyosalia vya msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Kwa mpita njia ni msitu mmoja. Kwa hakika ni misitu mitatu iliyosimama kwenye michanga mitatu. Upande wa mashariki, kwenye mchanga wa kijivu uliotandazwa na bahari za kale, umesimama msitu mchanganyiko wenye mbambakofi na msandarusi. Katikati, kwenye mchanga mweupe usio na rutuba, mirihi imeshika nafasi na kuacha mwanga mwingi kufika chini. Magharibi, mahali palipoinuka, kwenye mchanga mwekundu wa Magarini ulio mkongwe kuliko ile miwili, kuna kichaka kizito cha Cynometra, na humo ndimo anamopenda kuishi bundi mdogo wa Sokoke, aliye miongoni mwa bundi adimu wa Afrika. Anayemtafuta bundi huyo usiku anafuata, pengine bila kujua, ukingo wa mchanga uliowekwa kabla binadamu hajawapo.

Ushahidi mwingine umetoka kwenye biashara. Katika karne ya 19 sandarusi ilikuwa bidhaa kubwa ya Zanzibar, ikisafirishwa mpaka Salem huko Massachusetts, na Hamburg, kutengenezewa vanishi. Utomvu uliokamuliwa kwenye mti ulio hai ulipata bei ndogo. Iliyotafutwa ni ile iliyochimbwa ardhini, iliyogandamana kwa miaka mingi, wakati mwingine ikiwa na mdudu ndani yake. Na wachimbaji, kama Richard Burton alivyoeleza baada ya safari yake iliyoanza 1857, walichimba hata mahali ambapo hapakuwa na msandarusi hata mmoja uliosimama. Utomvu haujisafirishi wenyewe. Palipochimbwa sandarusi palikuwa na msitu, na msitu huo ulikuwa umeshaondoka kabla ya mashamba ya mkonge, kabla ya reli, kabla ya misumeno ya wakoloni. Moto na majembe ya karne za nyuma yana sehemu yake katika kuondoka huko, na ukame una yake. Vyovyote iwavyo, anayedhani kwamba misitu ya pwani ilisimama bila kutikisika hadi mkoloni alipofika anapingwa na mashimo ya wachimbaji.

Hapo tumezungumza kwa vipimo vya maelfu ya miaka, na msomaji anaweza kuuliza yanatuhusu nini sisi tunaoishi miaka sabini. Yanatuhusu kwa sababu kwenye mikoko mambo hayohayo hutokea mbele ya macho ya kizazi kimoja. Atokaye baharini kuingia horini hukuta miti imejipanga kwa mikanda: mlilana mbele, ukivumilia kufunikwa na kila maji kujaa, kisha mkoko wenye mizizi ya magongo, kisha msinzi na mkandaa, na nyuma kabisa mchu, unaostahimili chumvi kali ya mahali panapofikiwa na bamvua tu, ingawa mti huohuo waweza pia kuonekana mbele, kando ya mlilana. Mwaka 1940 mtaalamu wa mimea J. H. Davis, aliyefanya utafiti Florida, aliieleza mikanda ya namna hiyo kama hatua za safari moja: mti wa mbele hunasa tope, tope hupanda, mti wa pili hushika nafasi yake, na hivyo msitu hujenga nchi kavu kuelekea baharini. Maelezo hayo yanapendeza kwa sababu yanaufanya msitu kuwa mjenzi, na hadi leo hufundishwa madarasani kana kwamba hayana mpinzani.

Mpinzani alitokea. Mwaka 1967 Bruce Thom, mtaalamu wa sura za ardhi, alichapisha uchunguzi wake wa delta za Tabasco nchini Mexico. Aliona kwamba mikoko haikuwa ikiongoza, ilikuwa ikifuata. Mto ulipohamisha mdomo wake, tope jipya lilitandazwa mahali papya na miti ikaja nyuma yake. Mdomo wa zamani ulipokosa tope, ardhi ilididimia na kumomonyoka, na miti iliyokuwa juu yake ikaondoka nayo. Kila aina ya mti ilishika kile kimo na kile kiwango cha chumvi kilichoufaa, na mikanda ikachorwa na umbo la ardhi. Sidai kwamba Davis alikosea kila kitu. Mizizi kweli hupunguza kasi ya maji, na maji yakipunguzwa kasi hutua tope. Lakini maji yasiyobeba tope hayana cha kutua. Mkoko huhifadhi na kukuza kile ambacho mto na bahari vimeleta. Hauwezi kukitengeneza kutoka hewani.

Hakuna mahali panapoonyesha hilo kwa ukubwa kama Rufiji. Delta yake ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko wowote wa mfululizo katika Afrika Mashariki, takriban hekta 53,000. Kwa karne nyingi boriti zake zilibebwa na majahazi hadi Oman na Ghuba, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba vya huko. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha meli ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar, ilijificha ndani ya mikono ya delta hii, na moja ya sababu zilizoifanya ikae salama kwa miezi mingi ni kwamba Waingereza hawakuwa na ramani ya kuaminika ya njia zile za maji. Ilipigwa Julai 1915. Mabaki yake yalionekana juu ya maji kwa miongo mitano, kisha katika miaka ya 1960 yakazama kwenye tope la mto. Lakini badiliko lililogusa maisha ya watu lilikuja baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya mafuriko makubwa, sehemu kubwa ya maji ya Rufiji iliacha njia zake za awali na kuelekea midomo ya kaskazini. Kaskazini maji yakawa matamu. Wakulima wakaona kwamba mahali pa mikoko sasa pangeota mpunga, wakafyeka, wakapanda. Katika mikono iliyopungukiwa maji ya mto chumvi ikazidi, na mashamba ya kule yakapata shida. Mchunguzi anayelinganisha picha za setilaiti za miaka ile na za sasa ataona upotevu mkubwa wa mikoko kaskazini na kuuandika chini ya kichwa cha ukataji haramu. Kweli ilikatwa, na sheria ilikataza. Lakini mwenye jembe alikuja baada ya mto. Adhabu inayomtazama mkulima bila kuutazama mto haitaeleza kwa nini ukataji ulitokea pale na si pengine, na kwa hiyo haitazuia wa kesho.

Tope lenyewe limehifadhi kumbukumbu ndefu zaidi. Wachunguzi waliotoboa matope ya Rufiji, na ya Ghuba ya Makoba huko Unguja, wakahesabu chavua iliyozikwa humo tabaka kwa tabaka, wameona mikoko ikisogea kuelekea bara kila bahari ilipopanda na kurudi mbele iliposhuka, katika maelfu ya miaka ya karibuni. Msitu umeokoka kwa kutembea. Ulichohitaji ni mahali pa kutembelea na tope la kukanyaga.

Kuhusu hilo la pili, tope, ipo habari ambayo bado ni changa. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye korongo la Stiegler kwa ajili ya umeme wa megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022. Kila bwawa la namna hiyo hutuliza maji, na maji yaliyotulia huangusha mchanga na tope chini ya ziwa badala ya kuvipeleka deltani. Tanzania inahitaji umeme, na hoja yangu haipingi bwawa lililokwisha kujengwa. Inadai kwamba delta ihesabiwe kuwa mtumiaji wa mto kama mitambo inavyohesabiwa: ipangiwe maji ya mafuriko kwa msimu, na tope lake lipimwe kila mwaka, kabla mabadiliko hayajasomwa kwenye miti inayokauka.

Mto Tana unatufundisha kwa nini. Kutoka Garissa kushuka hadi deltani, nchi ya pande zote mbili ni kame, na msitu umeng'ang'ania ukingo wa mto kwa upana usiozidi kilomita chache, kwa sababu hapo ndipo mizizi inapoyafikia maji ya chini ya ardhi. Humo wanaishi mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, nyani wawili wasiokuwapo penginepo duniani. Mto huu hupinda na kujipinda, hula ukingo wa nje wa kila kona na kuacha ukingo wa mchanga upande wa ndani. Kwenye mchanga huo mpya, ulioloweshwa na mafuriko na usio na kivuli, ndipo huota mche wa mpopla wa Tana, na nyuma yake miti mingine hufuata kwa miaka mingi hadi msitu uliokomaa. Mto ukilikata pindo lake na kwenda njia nyingine, msitu wa pindo la zamani huanza kufa kwa kiu ukiwa umesimama. Francine Hughes, aliyechunguza misitu hii katika miaka ya 1980, alionyesha jinsi kuzaliwa kwa miti kunavyofuata mafuriko. Huko chini mto huu umeonyesha wepesi wa kushangaza. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji mwembamba wa Belazoni kuunganisha Tana na Ozi kwa ajili ya mitumbwi. Mto ukaufuata mfereji ule, ukaupanua, na leo Tana inatokea Kipini.

Sasa hesabu mabwawa ya juu: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Masinga ndilo lililobadilisha zaidi, kwa kuwa liliundwa kuhifadhi maji ya mvua kwa ajili ya kiangazi. Kwa mhandisi, mto uliosawazishwa ni mto bora. Kwa msitu, mto uliosawazishwa ni mto usiotengeneza tena vitanda vya mchanga vya kutosha kuoteshea miche. Miti mizee inaendelea kusimama, mbega anaendelea kula majani, na ndege inayopita juu inapiga picha ya msitu wa kijani, huku uzazi wa msitu ukiwa umepungua chini yake. Wapokomo waliolima kwa kufuata maji yanapopwa kingoni, na Waorma walioleta ng'ombe deltani wakati wa kiangazi, walikuwa wamepanga maisha yao juu ya mafuriko yaleyale. Si ajabu kwamba ugomvi wa ardhi umekuwa mkali kule ambako mafuriko yamekuwa haba.

Nimeahidi kujibu. Pingamizi la kwanza linasema hivi: kama bahari imepanda na kushuka mita mia na zaidi, kama misandarusi ilitoweka kabla yetu, kama mito huhama yenyewe, basi mabadiliko ni kawaida ya dunia na kelele za uhifadhi ni hofu tu. Jibu limo kwenye tumbawe la Malindi. Katika hifadhi ya bahari ya Malindi wanasayansi walitoboa tumbawe kongwe lililokua kwa takriban miaka 300, na wakapima ndani yake bariamu, elementi inayofika baharini imeshikamana na udongo wa mto Sabaki. Katika karne ya 18 na ya 19 kiwango kilikuwa cha chini, kikipanda kidogo miaka ya mvua kubwa. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kikapanda kwa kasi na hakikurudi chini. Huo ndio wakati ambapo ardhi za bonde la Athi, kama mto huohuo unavyoitwa huko bara, na nyanda zake za juu ziligawiwa walowezi, misitu ikafyekwa, na wenyeji na mifugo yao wakasongamana katika ardhi ndogo. Mvua haikuwa imegeuka ghafla wakati ule. Umiliki na matumizi ya ardhi ndiyo yaliyogeuka. Kwa hiyo tunaweza kutenganisha mwendo wa dunia na mwendo wetu, na tunaweza kuupa tarehe. Anayesema kwamba yote ni mabadiliko anakataa kusoma saa wakati iko mbele yake. Udongo ule umepanua ufuko wa Ghuba ya Malindi na kulisha vilima vya mchanga vya Mambrui, na ni udongo huohuo ambao wakulima wa Machakos wamejenga matuta kwa miongo mingi ili usiwaponyoke.

Pingamizi la pili ni la wema, na ndilo linaloniuma zaidi: tupande mikoko. Upandaji umefanikiwa mahali fulani. Katika Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, msitu uliokatwa kwa ajili ya kuni za viwanda katika miaka ya 1970 ulipandwa upya kuanzia miaka ya 1990 na watafiti wa bahari wa Kenya pamoja na wanakijiji, na tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja umeuza hewa ya kaboni kutoka kwenye hekta 117 na kuwapatia maji na madarasa. Ulifanikiwa kwa sababu tope, kimo na maji ya Gazi vilikuwa bado vya mikoko. Kilichokosekana kilikuwa miti. Penginepo watu hupanda maelfu ya miche kwenye mchanga wa nyasi bahari, ambako mikoko haikuwahi kuota, kwa sababu tu pako wazi na gari linafika. Miche ile hufa, na nyasi bahari zilizokanyagwa zilikuwa chakula cha samaki. Na tope nalo lina kiasi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimwaga mashapo mengi katika hori ya Mwache, karibu na Mombasa, yakaifukia mizizi ya kupumulia, na eneo kubwa la mikoko likafa likiwa limesimama. Kwa hiyo nisieleweke kuwa nasema tope zaidi ni heri zaidi. Nasema kwamba anayepanda bila kujua tope linatoka wapi, linakuja kwa kiasi gani na linasimama kwa kimo gani, anapoteza nguvu za watu wenye nia njema.

Kuna pia kipimo cha bahari yenyewe. Kati ya 2006 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa milimita 3.7 kwa mwaka. Utafiti uliochapishwa 2020, uliofuatilia mikoko ya sehemu nyingi za dunia mwishoni mwa enzi ya barafu, ulionyesha kwamba bahari ikipanda zaidi ya milimita 6 hivi kwa mwaka ni vigumu sana mikoko kujijenga juu kwa kasi ya kutosha. Nafasi iliyobaki kati ya tarakimu hizo mbili ni ndogo, na inapungua zaidi palipozuiwa tope.

Watu wa mijini watasema kwamba jiji haliwezi kurudi nyuma, na wana haki. Ukuta wa bahari kando ya iliyokuwa Ocean Road, Dar es Salaam, unalinda barabara na majengo ambayo hakuna atakayeyahamisha. Mahali pa aina hiyo pajengwe. Lakini ukuta huishika ardhi iliyo nyuma yake. Hauushiki ufuko ulio mbele yake, na mara nyingi huhamishia mmomonyoko kwa jirani. Kaskazini mwa jiji, Kunduchi, bahari ilikula ufuko na kuliharibu jengo la hoteli, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni uchimbaji wa mchanga wa ujenzi katika vijito vilivyokuwa vikiulisha ufuko huo. Mchanga ule ule unaojenga nyumba za Tegeta ulikuwa umeandaliwa na mvua kwenda baharini. Upande wa mashariki wa Unguja hali ni tofauti: hapana mto, na mchanga mweupe hutengenezwa na viumbe hai, kwa matumbawe yaliyosagwa, kwa mwani wenye chokaa, kwa pono wanaoguguna mwamba na kuutoa ukiwa unga. Huko anayelinda ufuko inampasa kumlinda pono. Kanuni moja haiwezi kutosha pwani hizi mbili.

Ndipo naifikia sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Ni kinga ya thamani, na palipoheshimiwa imeokoa mengi. Lakini mita 60 juu ya genge la matumbawe la Msasani ni karne nyingi za usalama, na mita 60 kwenye mchanga wa Kunduchi zinaweza kuliwa ndani ya maisha ya mtu mmoja. Kwenye delta tambarare, ambapo bamvua hupanda zaidi ya mita tatu kutoka maji kupwa hadi kujaa, bahari ikiinuka sentimita thelathini huenda mbele kwa mamia ya mita. Kipimo kinachofaa ni cha kimo, si cha umbali: mahali panapofikiwa na bamvua kubwa leo, na juu yake kiasi kinachotarajiwa bahari kupanda katika miaka hamsini. Kimo hicho kinapimika, na mpima ardhi wa wilaya ana vifaa vya kukipima.

Kipimo hicho kikitumika, kitaangukia mahali ambapo watu wengi wanapaona kuwa bure: nyanda za chumvi zilizo nyuma ya mikoko, nyeupe, zisizo na mti, zinazolowana siku chache za mwezi. Kaskazini mwa Malindi, Gongoni na Kurawa, nyanda kama hizo zimekuwa mabwawa ya chumvi yenye kingo za udongo, na mikoko iliyo mbele yake haina pa kurudi bahari ikija. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi mkubwa wa mabwawa ya kamba ulipendekezwa katika delta ya Rufiji. Wakazi waliupinga hadi mahakamani, na haukujengwa. Hawakuhitaji kufundishwa maana ya ardhi ile. Maombi ya namna hiyo yatakuja tena, kwa chumvi, kwa kamba, kwa viwanja, na kila mara mwombaji ataandika kwamba eneo halina msitu. Atakuwa anasema kweli kwa mwaka huo. Afisa atakayepokea fomu aulize eneo hilo lina kimo gani juu ya bamvua, na kama msitu ulio mbele yake una njia nyingine ya kurudi bara.